Kinga Nyepesi ya Mpwa Wangu

Mimi ni fundi wa baisikeli hapa Kamalondo, katika mji wa Lubumbashi. Sisi huku hatusemi baisikeli, twasema kinga, na ninyi wa pwani mtatuwia radhi kama neno hilo kwenu lina maana nyingine. Kazi yangu naifanya chini ya mwembe, mbele ya nyumba aliyoniachia baba, ambaye aliipata siku zile mtaa wetu ulipokuwa bado waitwa Albert, kwa jina la mfalme wa Wabelgiji. Kwa muda wa miaka 31 nimetengeneza kinga za watu, wala sikupata kupima uzito wa hata moja. Kwa nini nipime? Mwenye kinga haniulizi ina kilo ngapi. Aniuliza, “Papa fundi, itachukua mifuko mingapi?”

Maana wateja wangu wakubwa ni wale wanaoleta makala, yaani makaa ya kupikia. Huingia mjini kwa njia ya Kasenga au kwa njia ya Likasi, na wengine wamelala njiani usiku mmoja au mbili, kwa sababu msitu wa miombo wakatwa na kurudi nyuma mwaka kwa mwaka, na safari yao yazidi kuwa ndefu. Kinga ya makala haipandwi, husukumwa. Mifuko hufungwa pande mbili na juu, hata ukimtazama mwenye kusukuma waona miguu tu. Basi kinga ya dukani, hata ile nzito ya Uchina au ya Uhindi yenye magurudumu makubwa, haiwezi kazi hiyo kama ilivyo. Sharti fundi aongeze chuma: bomba la pili chini ya bomba la juu, nondo mbili za kuushika uma wa mbele, spoki nene, kibebeo cha nyuma kilichochomelewa pande zote. Mimi nalijulikana kwa kuongeza. Watu walisema kinga iliyopita mikononi mwangu haivunjiki, na sifa hiyo naliipenda kuliko ilivyofaa.

Mwezi wa Septemba 2025 mashindano ya dunia ya mbio za baisikeli yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika Afrika. Vijana wa Kamalondo kwa desturi hawana neno jingine ila mpira, kwa kuwa uwanja wa T.P. Mazembe uko mtaani mwetu tangu 2011. Lakini juma lile waliinamia simu zao wakitazama watu wakipanda vilima vya Kigali, na siku ya mwisho, Mslovenia Tadej Pogačar aliposhinda, walipiga kelele kana kwamba ni mtoto wa hapa. Kesho yake mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka 19, akaja akisukuma kinga yake.

Akasema, “Mjomba, wale mabwana wana sheria inayokataza kinga ya mbio za barabarani kuwa chini ya kilo 6.8. Yakataza, mjomba! Maana wangeweza kushuka zaidi. Sasa hii yangu ina ngapi?”

Sikujua. Kuambiwa na mtoto kitu usichokijua katika kazi yako mwenyewe si jambo tamu.

Kinga yake ilikuwa ya aina ile iitwayo VTT, kinga ya milima. Usicheke. Lubumbashi ni tambarare, mita kama 1,200 juu ya bahari, na kilima chetu mashuhuri ni lile lundo jeusi la mabaki ya kuyeyusha shaba. Lakini njia zetu za udongo mwekundu zataka tairi pana, kwa maana wakati wa mvua ni matope na wakati wa kiangazi ni mashimo na mchanga. Vijana hushindana siku ya Jumapili katika njia za upande wa Kipushi, na mshindi hupata kitu kidogo walichochanga wenyewe.

Mpwa wangu alinieleza pia asili ya kinga hizo, na habari hiyo ilinifurahisha. Huko Marekani, kaskazini ya mji wa San Francisco, vijana fulani walikuwa na desturi ya kushuka mlimani mbio kwa baisikeli kuukuu, zile nzito za tairi nene ambazo watoto wa zamani walipelekea magazeti. Tangu mwaka 1976 walifanya shindano katika njia moja ya mlima waliyoiita Repack. Jina hilo lina sababu. Breki yao ilikuwa ile ya kukanyaga nyuma, ambayo sisi twaiita torpedo, na katika mteremko ule ilipata moto hata grisi ikaungua na kutoka moshi, na baada ya kila mbio ilibidi kufungua kitovu cha gurudumu na kujaza grisi mpya. Mimi harufu hiyo naijua! Ndipo mwaka 1977 mmoja wao, Joe Breeze, akaanza kutengeneza viunzi vipya kwa kazi hiyo, na mwenziwe Tom Ritchey akafuata. Kumbe basi kinga ya milima ilizaliwa na kinga nzito kama zetu, na mafundi wakaanza kuipunguza kidogo kidogo. Tena huyo Ritchey, fundi wa kinga nyepesi, alifika Rwanda mwaka 2005, na baada ya kuona wakulima wa kahawa wanavyochukua mizigo, akawabunia kinga ndefu ya kubeba magunia. Habari hiyo ya mwisho niliisikia kwa sikio moja tu. Ningeisikia kwa yote mawili.

Tulianza kazi. Mpwa wangu aliazima mizani ndogo ya betri, ile ya kutundika yenye kulabu, inayoonyesha hata gramu kumi. Tuliifunga kwenye tawi la mwembe, tukaitundika kinga kwa tandiko lake. Kilo 15.8. Kijana akashika kichwa.

Kupunguza mwanzo ni rahisi, kama kuchuma maembe ya chini. Tuliondoa mguu wa kusimamishia, vikinga-matope vyote viwili, kibebeo cha chupa na vioo vya kung'aa usiku: kilo 1.2. Pale penye pedali palikuwa na meno ya duara tatu, tukaacha moja, tukatoa na mtambo wa kuhamisha mnyororo na waya wake: gramu 600. Tairi zake zilikuwa za waya, gramu 950 kila moja. Tukapata sokoni jozi iliyotumika kidogo, gramu 600 kila moja. Rimu ya nyuma iliwahi kuvunjika na fundi mwingine akatia ya chuma. Tukatia ya alumini, gramu 350 chini. Kijana aliandika yote katika daftari la shule. Nilimwambia kwamba uzito wa tairi na rimu ndio wa kufukuza kwanza, kwa maana gurudumu husukumwa mara mbili: laenda mbele pamoja na kinga, na tena lazunguka. Alinitazama kwa heshima kidogo, nikapona.

Mizani ikasoma 12.95.

Kilichobaki kikubwa ni uma wa mbele. Ulikuwa na springi ndani, wa namna ya bei nafuu, kilo 2.7. Springi zenyewe zilikuwa zimekwisha kutu, hazichezi, zimebaki uzito mtupu. Nilimwambia tuutoe, nimtilie uma wa kawaida wa chuma chembamba wenye kilo 1.1. Akakataa katakata. Uma wenye springi ndio unaoifanya kinga ionekane VTT. Bila huo, alisema, wasichana watadhani ni ya kupelekea unga kinuni. Nikamwacha. Mimi nami nalikuwa kijana.

Ndipo ilipofika habari kwamba katika mtaa wa pili fundi mmoja, ambaye ni rafiki yangu na mshindani wangu tangu zamani, ametengeneza kinga ya namna hiyohiyo yenye kilo 12 kamili. Watu waliiona mizani kwa macho, sokoni. Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nikatoa bomba la tandiko, lile linaloingia ndani ya kiunzi, nikalitia katika jiriwa, na kwa keekee nikatoboa matundu 12 ya milimita 8, kila moja likipita upande huu mpaka upande wa pili. Nilikuwa nimeona picha ya kinga za mbio zilizotobolewatobolewa hivyo. Nikakusanya vipande vya chuma vilivyoanguka, nikavifunga katika karatasi, nikavipima: gramu 17, yaani kama kijiko kikubwa cha chumvi. Mizani ya mwembeni ikasoma 12.93. Bado tulishindwa kwa karibu kilo nzima.

Mpwa wangu akasema, “Mjomba, labda mizani zenyewe hazipatani.”

Hilo lilikuwa neno la akili, na mimi sikulifikiri. Tukachukua bidoni mbili za lita tano, tukazipima tupu, tukazijaza maji sawasawa, maana lita moja ya maji ni kilo moja, kwa tajiri na kwa maskini. Mizani yetu ilisoma kilo 10 na gramu 20 baada ya kutoa uzito wa bidoni. Tukaenda sokoni na bidoni zetu, na nusu ya watoto wa mtaa nyuma yetu. Mizani ile iliyoipima kinga ya mshindani wetu ilikuwa ya mnunuzi mmoja wa mahindi na karanga. Yeye mwenyewe hakuwapo, alikuwapo kijana wake, naye akaturuhusu kwa kuwa alipenda mbio. Tukatundika maji ya kilo 10. Mshale ukasimama kwenye 9.1.

Watoto wakacheka, wakaanza kupiga hesabu ya kinga ya mtaa wa pili. Walakini mama mmoja mzee aliyekuwa ameketi juu ya mfuko wake wa karanga hakucheka. Alisimama, akauliza taratibu, “Basi kilo zangu hamsini, ziliposomwa arobaini na tano na nusu, zile nyingine zilikwenda wapi?” Hakuna aliyemjibu. Kijana wa mizani aliishusha akaifunika kwa gunia. Sisi tulikwenda pale kwa ajili ya mchezo, na tulirudi bila kusema mengi. Nasikia mizani ile haionekani tena. Kama ilitengenezwa au ilihamishwa soko jingine, sijui.

Fundi mwenzangu, kwa haki, alikuja mwenyewe na kinga yake chini ya mwembe wangu. Mizani iliyosahihishwa kwa maji ikampa kilo 13.2. Akapiga kofi, akasema, “Umenishinda.” Tukanywa pamoja. Tazameni basi jambo lenyewe: tungalimshinda bila matundu yangu 12.

Jumapili iliyofuata, katika njia ya Kipushi, mpwa wangu aliingia katika shimo akiwa ameketi, na bomba la tandiko likakatika. Halikupinda, lilikatika tundu kwa tundu, kama stempu zinavyochanwa katika karatasi yake. Akaanguka kwa uso na bega. Mtulinga ulivunjika, na jino moja la mbele lilitoka, na ncha ya bomba lililobaki ikamchana paja. Walimrudisha kwa pikipiki, akiwa katikati ya wenziwe wawili.

Baadaye nilisoma na kuuliza, nikafahamu kosa langu, ingawa ufa wa chuma nimeuona maisha yangu yote. Kila ukanyagapo pedali, bomba la tandiko lapinda kidogo na kurudi, maelfu ya mara kwa siku, na mahali linapopinda zaidi ni pale linapoingia katika kiunzi. Ndipo mimi nilipoanzia matundu yangu. Ukingo wa tundu ndio mlango wa ufa. Wenye kupunguza kwa elimu hupunguza mahali pengine. Mwaka 1897 Mwingereza Alfred Reynolds alipata hati ya uvumbuzi wa mabomba yenye ngozi nene kwenye ncha, yanakoungwa, na nyembamba katikati, pasipo na kazi nyingi. Na alumini haitumiwi tu badala ya chuma kwa kipimo kilekile. Chuma ni kizito karibu mara tatu kuliko alumini, lita yake ina kilo karibu 7.9 na ya alumini 2.7, lakini alumini nayo hupinda mara tatu upesi zaidi. Kwa hiyo mabomba yake hufanywa mapana kwa umbo, ili upana urudishe nguvu iliyopotea. Mambo hayo yote yaandikwa vitabuni. Yangenigharimu jioni mbili.

Dada yangu alikuja jioni ileile kutoka hospitali. Ni mdogo wangu, huniita yaya, ndivyo tuitavyo kwetu ndugu mkubwa. Nilidhani atalia au atanitukana. Hakufanya hata moja. Aliuliza tu, “Yaya, uliondoa nini katika kinga ya mtoto?” Nikaingia ndani nikatoa ile karatasi, maana nilikuwa nimeiweka nionyeshe watu ufundi wangu. Akaifungua, akamimina vipande vile katika kiganja chake, akavitikisa kidogo kama mtu anayepima fedha.

“Hivi tu?”

Akavirudisha katika karatasi, akanipa mkononi, akaenda zake. Gharama ya hospitali nililipa mimi, na jino nililipa mimi. Karatasi ninayo bado.

Mtulinga ulifungwa majuma sita. Siku hizo kijana hakuwa na la kufanya, akawa akikaa nami chini ya mwembe, mkono katika kitambaa, akiandika uzito wa kila kipande kilichopita mikononi mwangu. Siku moja akasema mwenyewe, bila kuombwa, “Mjomba, toa uma ule.” Tukautoa. Kilo 1.6 zikaondoka mara moja, karibu mara mia ya matundu yangu. Nikanunua bomba la tandiko la alumini, jipya, gramu 270, ambalo ni jepesi kuliko la chuma hata lilipokuwa limetobolewa, tena ni zima. Mizani ikasoma 11.2. Kutoka 15.8, tumetoa kilo 4.6 na hatukugusa chochote kinachoshika uhai wa mtu. Yeye mwenyewe ana kilo 58. Ukijumlisha mtu na kinga yake ya kwanza, tumepunguza kama sehemu moja ya 16 ya yote yanayopanda kilima. Alirudi mbioni akawa wa tano. Mtoto wa mtaa wa pili alikuwa wa pili, na kinga yake ya kilo 13.2.

Sasa nieleze jambo la mwisho, ambalo ndilo lililonifanya niandike.

Mchukua makala mmoja, mteja wangu wa miaka mingi, alisimama kwangu kutia mnyororo. Akaiona kinga ya kijana. Akaiinua kwa vidole viwili, akaizungusha, akauliza, “Papa fundi, hii yachukua mifuko mingapi?” Nikamwambia haichukui hata mmoja. Akairudisha chini kwa adabu, kama mtu aliyeshika mtoto wa mwingine. Kisha akasema, “Na yangu ina kilo ngapi?”

Tukaifungua mifuko, tukaitundika. Tawi la mwembe likalia. Kilo 31. Kinga ya namna hiyo ikitoka dukani haipiti sana kilo 20. Zilizozidi nyingi zilikuwa chuma changu. Yule mtu alikuwa akizisukuma kutoka msituni mpaka mjini, kwenda na kurudi, miaka yote hiyo, na aliporudi bila mzigo bado alizisukuma. Na mimi nilimtoza fedha kwa kila nondo.

Nilimwomba aniachie kinga siku mbili. Nilikaa nikiitazama kipande kwa kipande, jinsi ambavyo nalipaswa kulitazama bomba la tandiko: hapa nguvu yapita, hapa haipiti. Bomba la pili chini ya bomba la juu nililiacha, lafanya kazi. Nondo za uma niliziacha. Lakini kibebeo nilikuwa nimekichomelea vyuma vinne ambavyo havishiki kitu ila rangi, na pande zote za gurudumu la nyuma nilikuwa nimetia mabamba mazito mahali ambapo bomba jembamba lingetosha. Nikakata, nikabadili, nikapaka rangi. Sikutoboa tundu hata moja. Kilo 26.5. Sikumdai kitu.

Alirudi baada ya juma moja, amefika kutoka upande wa Kasenga, jasho lamtiririka. Nikamkimbilia kumuuliza kama amesikia tofauti njiani.

Akafikiri. “Hapana, Papa fundi. Ni vilevile.” Kisha akanionyesha juu ya mifuko, penye mfuko mdogo wa makala uliofungwa kwa kamba mpya, ambao zamani haukuwapo.